Maumivu ya taya na picha ya eksirei: kwa nini havilingani daima

Mgonjwa anayelalamika kwamba taya linamuuma, linalia anapotafuna au halifunguki vizuri, mara nyingi hupelekwa kupigwa picha ya eksirei. Hata hivyo, anachokihisi mgonjwa na kinachoonekana katika picha si lazima vilingane.

Kiungo cha taya kipo mbele kidogo ya sikio, mahali ambapo kichwa cha mfupa wa taya la chini hukutana na fuvu. Kati ya mifupa hiyo kuna kisahani chenye nyuzi imara, ambacho huteleza mdomo unapofunguliwa. Kwa kawaida mtu mzima huweza kufungua mdomo kiasi cha milimita 40 au zaidi.

Picha inaonyesha nini?

Eksirei huonyesha mfupa: kichwa kilichobapa, kilichomomonyoka au kilichoota vijipembe kutokana na kuchakaa. Haionyeshi kisahani wala misuli. Kwa hiyo mtu ambaye misuli yake ya kutafuna imechoka kwa kusaga meno usingizini anaweza kuteseka sana ilhali picha yake ni safi. Kuambiwa kwamba hana ugonjwa ni kumkosea.

Kinyume chake pia hutokea. Wazee wengi wana mifupa iliyochakaa lakini hawana maumivu yoyote. Tafiti zilizotumia kipimo cha MRI, ambacho huonyesha kisahani, zimebaini kuwa takriban mtu mmoja kati ya watatu wasio na dalili ana kisahani kilichohama.

Sauti ya kiungo

Mlio mmoja mkavu mdomo unapofunguka kwa kawaida huashiria kisahani kinachohama na kurudi mahali pake. Mkwaruzo, mithili ya mchanga unaosagwa, huelekea zaidi kwenye mfupa uliochakaa. Lakini hata huo huhitaji kipimo cha CT ili kuthibitishwa.

Ndiyo maana vigezo vya kimataifa vya uchunguzi vilivyochapishwa mwaka 2014 vinatanguliza maelezo ya mgonjwa na uchunguzi wa mikono ya daktari, kisha picha hufuata pale inapohitajika.

Wakati picha ni ya lazima

Picha haipaswi kucheleweshwa iwapo mgonjwa amepata ajali, ana uvimbe, homa au ganzi usoni, meno yake yameacha kukutana kama zamani, au ana ugonjwa wa baridi yabisi.

Wagonjwa wengi hupata nafuu bila kupasuliwa: kwa kula vyakula laini, kukanda kwa maji ya uvuguvugu, mazoezi ya taya, dawa za maumivu na kifaa cha kuvaa kwenye meno usiku. Upasuaji haupaswi kuamuliwa kwa sababu tu picha inatisha, wala maumivu kupuuzwa kwa sababu picha ni safi.