Ujuzi wa Wengi katika Utungaji wa Kamusi

Atakaye kutunga kamusi ya Kihangaza au ya Kishubi huko Kirushya, sehemu za Ngara, hawezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Yupo aandikaye, yupo ajuaye sarufi, na yupo mwenye lugha, ambaye bila yeye hao wawili hawana kitu. Swali ni hili: ujuzi wa kila mmoja utawafikiaje wenziwe, na ni nani mwenye haki ya kusema, "Hapa mmekosea"? Historia ya kamusi za Kiswahili yatupa mafunzo mawili.

Kamati ya Lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ilianzishwa mwaka 1930, katibu wake akiwa Frederick Johnson. Msingi wa kamusi yake ulikuwa kazi ya Madan ya mwaka 1903. Naye Madan alikuwa ameitumia ile ya Krapf ya mwaka 1882. Johnson alifariki mwaka 1937, kabla kamusi haijachapishwa. Kama ujuzi huo ungalikaa kichwani mwake tu, ungalizikwa naye. Lakini kazi ilikuwa ya Kamati, na kamusi ikatoka mwaka 1939.

Funzo la pili si la kusifiwa. Waafrika walianza kuhudhuria mikutano ya Kamati mwaka 1946, miaka 7 baada ya kamusi kutoka. Wenye lugha walikuwa wameulizwa maneno, wala hawakushirikishwa katika kuamua. Mtu aulizwaye neno moja hujibu neno hilo. Asipoonyeshwa yaliyoandikwa, hawezi kuyasahihisha. Taasisi iliyoirithi Kamati mwaka 1964 ndiyo iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, ambayo hueleza maneno kwa Kiswahili chenyewe.

Katika Ngara hatari ni kubwa zaidi. Guthrie aliziweka Kihangaza na Kishubi katika kundi moja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Mchunguzi ajuaye Kirundi husikia neno analolifahamu, akaandika maana ya Kirundi bila kuuliza. Kosa hilo mwenziwe wa chuoni halioni. Mzee wa Kirushya hulitambua mara moja, ikiwa atasomewa. Kwa hiyo yafaa kila ukurasa usomwe mbele ya wenye lugha kabla haujachapishwa, na kila sahihisho liandikwe pamoja na jina la aliyelitoa, kwa ridhaa yake.