Erika ya mlimani

Erika ya mlimani (Erica arborea) ni kichaka cha familia ya Ericaceae chenye maua meupe yanayonukia asali. Msomaji wa Sibwesa, wilayani Tanganyika katika Mkoa wa Katavi, asiutafute mmea huu kwenye miombo inayomzunguka. Hupenda baridi na ukungu, na kwa Tanzania hujulikana zaidi Kilimanjaro na Meru, pale msitu mnene unapoishia.

Majani ni membamba kama sindano, hayafiki milimeta 10, nayo hukaa matatu matatu au manne manne kuzunguka kijiti. Ua ni kengele ya milimeta 3 hivi. Mwenye shaka achukue lenzi atazame vijiti vichanga: vina vinyweleo, na baadhi ya vinyweleo hivyo vimegawanyika kama matawi.

Carolus Linnaeus aliupa mmea huu jina lake mwaka 1753 katika kitabu cha Species Plantarum, akiujua kama mmea wa nchi za Mediterania. Kumbe asili yake ni huku: utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 unaonyesha kwamba ulienea kutoka Afrika Mashariki kuelekea kaskazini-magharibi.

Ndugu zake wamehangaishwa zaidi na majina. Mwaka 1834 mwanabotania Klotzsch aliunda jenasi Philippia kwa ajili ya erika ambazo sepali moja (kijani cha nje ya ua) ni kubwa kuliko nyingine. Humo ndimo Alm na Fries walimouweka, mwaka 1927, mti wa Philippia excelsa. Sepali moja kutengeneza jenasi nzima! Mwaka 1987 E. G. H. Oliver wa Afrika Kusini alionyesha kuwa mpaka huo haushiki, na mwaka 1990 Henk Beentje akauhamishia mti huo kwenye Erica; sasa ni Erica excelsa. Lebo nyingi za hebaria, yaani makusanyo ya mimea iliyokaushwa, bado zina jina la zamani, kwa hiyo anayetafuta kumbukumbu zake hana budi kupekua majina yote mawili.

Chini ya shina la erika ya mlimani kuna fundo gumu la mti, ambalo Ulaya huchongwa viko vya tumbaku kwa sababu haliungui upesi. Kichaka kikiteketea, machipukizi hutoka hapohapo. Hata hivyo, Kilimanjaro mioto imerudiarudia mno, na ukingo wa juu wa msitu wa erika umeshuka.