Klabu Yenye Mlango Wazi: Judo, Karate na Familia Zetu Hapa Bujumbura



Kila likizo ndefu inapofika, wazazi wa Buyenzi, Bwiza na mitaa mingine ya Bujumbura hutuuliza swali lile lile: mtoto anataka kujifunza judo au karate, je, tumpeleke? Na tukimpeleka, tumpeleke wapi, mahali ambapo atapokelewa kwa heshima, asichekwe kwa jina lake, asivuliwe hijabu yake, wala asikoseshwe swala yake?

Swali hili si dogo. Safari hii tumeona tulijibu kwa kupitia historia, kwa sababu anayejua yaliyopita huchagua vizuri zaidi.

Mieleka haikuja na meli

Wako wanaodhani michezo hii ni mambo ya kigeni yaliyoletwa na filamu za Bruce Lee, ambazo zilienea Afrika Mashariki baada ya 1973. Ni kweli filamu zile ziliwafanya vijana wengi kurusha mateke uani na kuvunja vyungu vya mama zao. Lakini kukamatana na kuangushana kulikuwepo zamani sana.

Hapa Burundi watoto waliochunga ng'ombe milimani walikuwa na mchezo wao, gukirana kwa Kirundi, yaani mieleka. Kule pwani, Lamu wana kirumbizi, mchezo wa fimbo unaochezwa kwa ngoma. Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka Kogwa wanaume hupigana kwa migomba. Wazee wa kule husema kwamba kinyongo cha mwaka mzima huachwa palepale uwanjani.

Na tukirudi katika historia ya dini yetu tunakuta mengi. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mieleka na Rukana, mtu aliyesifika kwa nguvu Makka, akamwangusha. Wanazuoni wamezungumza kuhusu nguvu ya sanadi ya kisa hicho, lakini kimetajwa na Abu Daud na Tirmidhi. Katika vitabu vya sira kuna kisa cha vijana wawili kabla ya Uhud. Rafi' bin Khadij alikubaliwa kuingia jeshini kwa sababu alikuwa hodari wa mishale. Samura bin Jundub aliporudishwa kwa udogo wake, alilalamika kwamba yeye humshinda Rafi' kwa mieleka. Wakashindanishwa, Samura akamwangusha mwenzake, naye akakubaliwa. Bukhari na Muslim wamepokea pia kwamba Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha (r.a.) akawatazama.

Juu ya hayo yote tunafundishwa kwamba shujaa wa kweli si yule anayewabwaga watu, bali ni yule anayejizuia anapokasirika. Basi mzazi ashike kipimo hiki. Mwalimu anayemfundisha mtoto kurusha ngumi bila kumfundisha kuzuia hasira amemfundisha nusu tu, tena nusu mbaya.

Mtoto mdogo aliyeonewa shuleni

Judo ilianzishwa Tokyo mwaka 1882 na Jigoro Kano. Kano hakuwa pande la mtu. Alikuwa mfupi, mwembamba, na alipokuwa mwanafunzi wenzake wakubwa walikuwa wakimwonea. Alitafuta walimu wa jujutsu, mchezo wa zamani wa Kijapani ambao wakati huo ulikuwa umeanza kusahaulika. Baadaye alifungua shule yake, Kodokan, katika chumba kidogo cha hekalu, chenye mikeka 12 na wanafunzi wasiofika 10. Akaondoa mbinu za kuumizana, akaweka mbele mafunzo ya kuanguka salama, na akasimamisha misingi miwili: kutumia nguvu kwa njia iliyo bora, na kusitawi pamoja mimi na mwenzangu.

Karate ilitoka visiwa vya Okinawa. Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule, aliionyesha Tokyo mwaka 1922. Judo iliingia Olimpiki mwaka 1964, na wanawake wakapata medali zao kamili za judo mwaka 1992, Barcelona.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Michezo hii ilipangwa na walimu wa shule kwa ajili ya watoto wa shule. Mahali palipogeuka kuwa pa kutengenezea wababe pamekwishatoka katika njia ya waanzilishi.

Buyenzi na mji uliogawanyika

Waislamu wa mwanzo walifika kando ya Ziwa Tanganyika katika karne ya 19, pamoja na wafanyabiashara wa pwani na Wamanyema waliopitia Ujiji. Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha Usumbura mwaka 1897, askari, wapagazi na wachuuzi wengi waliokaa hapo walikuwa wakizungumza Kiswahili. Wabelgiji walichukua nchi mwaka 1916, na katika zama zao Buyenzi ukawa ndio mtaa wa Waswahili. Mpaka leo ukipita pale utasikia Kiswahili kwa mafundi wa magari, kwa wauza vitambaa na katika soko la Ruvumera. Mtu akiulizwa kabila lake, mara nyingi hujibu tu kwamba yeye ni Mswahili.

Jibu hilo lilikuwa na uzito mkubwa baada ya tarehe 21 Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye. Vita vilivyofuata viliipasua Bujumbura mtaa kwa mtaa. Palikuwa na mitaa ambayo Mhutu hakuweza kupita, na mitaa ambayo Mtutsi hakuweza kupita. Vijana walikusanywa katika makundi yenye majina ya kujisifu, kama Sans Echec, yaani wasioshindwa. Nguvu za mwili, ujasiri, urafiki wa marika, vyote hivyo ambavyo mchezo huvijenga, viligeuzwa kuwa silaha.

Buyenzi ulisifiwa kwa kuwa Waislamu wengi walikataa kugawanywa, na walificha watu waliokimbia bila kuuliza kabila zao. Alhamdulillahi kwa hilo. Lakini historia haitaki tuseme upande mmoja tu. Machi 1995 machafuko yaliingia Bwiza na Buyenzi pia, watu wakauawa, na maelfu wakakimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka. Wapo majirani zetu ambao hawakurudi.

Hii ndiyo sababu tunasema kuchagua klabu hapa kwetu ni jambo zito. Mtoto anapoingia kwenye mikeka ya judo, humpa mtoto mwingine kola ya kimono chake ashike. Humwachia mwili wake, aangushwe, akiamini kwamba yule mwenziwe atamshika mkono asiumie. Mwenziwe huyo huenda ni mtoto wa Kinama, au wa Ngagara, au wa Musaga. Babu zao huenda hawakusalimiana kwa miaka kumi.

Waliotangulia kufungua mlango

Kabla vita havijaanza, wamisionari wa Xaverian walikuwa wameanzisha Centre Jeunes Kamenge, kituo cha vijana wa mitaa ya kaskazini ya mji. Vita vilipoizunguka mitaa hiyo, kituo kiliendelea kuwakutanisha vijana wa pande zote kwa michezo, masomo na kazi za kujenga nyumba. Mwaka 2002 kilipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Si kituo chetu kwa dini, lakini aliyefanya jema asifiwe. Kilithibitisha kwamba uwanja unaweza kukutanisha watu ambao siasa imewatenganisha. Shirikisho la Kimataifa la Judo nalo lina mpango wa Judo kwa Amani, na Burundi ni miongoni mwa nchi zilizofikiwa.

Mabinti wa Burundi wamefika mbali kwa judo. Odette Ntahonvukiye alishiriki Olimpiki ya London mwaka 2012, na Antoinette Gasongo akashiriki ile ya Rio mwaka 2016. Anayesema mchezo huu si wa wasichana wa kwetu, aambiwe majina hayo mawili.

Zanzibar, kisiwa ambacho karibu watu wake wote ni Waislamu, walimpata Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia huko mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 akaanza kuwafundisha vijana judo. Ikiwa vijana wa Unguja wameweza kuvaa kimono na kubaki Waislamu, wa Buyenzi pia wanaweza.

Suala la hijabu

Hapa tutasema yaliyotupata. Mwaka mmoja tulimpeleka binti yetu katika klabu moja, ambayo hatuitaji jina. Mwalimu alimtazama kichwani, akasema kitambaa kile hakiingii hapa, tena akasema mbele ya watoto wote. Binti hakulia pale. Alilia nyumbani, na kwa wiki nzima hakutaka kusikia neno judo. Tulijilaumu sisi wenyewe, kwa sababu hatukwenda kwanza peke yetu kuuliza.

Baadaye tulijua kwamba hakuwa peke yake duniani. Aprili 2007, timu ya mabinti wa Kiislamu wa Montreal, Kanada, ilizuiwa kushiriki mashindano ya taekwondo kwa sababu ya hijabu. Miaka miwili baadaye shirikisho la dunia la taekwondo lilikubali vazi hilo. Mwaka 2012, London, Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia, msichana wa miaka 16, alikuwa nusura azuiwe katika judo kwa hoja ya usalama, maana katika judo kuna kukaba shingo. Walikaa wakazungumza, likapatikana vazi la kichwa linalobana lisilo na hatari, akaingia ulingoni. Pambano lake lilikwisha kwa sekunde 82 na alishindwa, lakini ukumbi ulimpigia makofi. Karate nayo iliruhusu hijabu rasmi katika mashindano ya dunia mwaka 2013.

Tunajifunza nini? Hoja ya usalama ni ya kweli, isidharauliwe. Pini na shungi linaloning'inia ni hatari kwa mvaaji na kwa mwenzake. Lakini hoja hiyo ina dawa. Mwalimu mwema hutafuta dawa pamoja na mzazi, na asiyetaka hufunga mlango tu.

Mambo ya kutazama kabla ya kumwandikisha mtoto

Kwanza, nenda ukae kimya pembeni utazame masomo mawili. Je, watoto wanafundishwa kuanguka kabla ya kuangusha? Je, mikeka inatosha, au wanaangushwa kwenye saruji?

Pili, mtazame mwanafunzi aliye dhaifu kuliko wote. Anavyotendewa yeye ndivyo atakavyotendewa mtoto wako siku ya kwanza. Ukiona wakubwa wanamcheka na mwalimu yuko kimya, rudi nyumbani.

Tatu, uliza kuhusu kuinama. Katika judo na karate, kuinama ni salamu ya heshima kwa mwenzako na kwa mahali. Baadhi ya klabu huinamia pia picha ya mwanzilishi ukutani. Wazazi wengi wa Kiislamu hawaridhiki na hilo, na wengine huona kutikisa kichwa kidogo kunatosha. Muulize sheikh wako, kisha mweleze mwalimu mapema kwa upole. Mtoto asiachiwe mzigo huo peke yake mbele ya darasa.

Nne, panga saa. Somo linaloanza baada ya Alasiri likaisha kabla ya Magharibi halileti tabu. Mwezi wa Ramadhani uliza kama mtoto anaweza kufanya mazoezi mepesi au kupumzika bila kupoteza nafasi yake.

Tano, kwa mabinti, uliza nani atafanya nao mazoezi, wapi watabadilisha nguo, na kama mama anaruhusiwa kukaa ndani. Mwalimu anayekataa wazazi wasitazame, huyo mwogopeni.

Sita, na hili ndilo kubwa kwetu Warundi: sikiliza majina na lugha. Je, watoto wanatoka mtaa mmoja tu, au wamechanganyika? Je, kuna maneno ya kabila yanayotupwa kama mzaha? Klabu ya watu wa aina moja inaweza kuwa na mwalimu hodari na medali nyingi, lakini haimfundishi mtoto kile ambacho mji huu umekihitaji zaidi.

Mwisho

Binti yetu alirudi kwenye judo. Tulikwenda klabu nyingine, safari hii sisi kwanza na yeye baadaye. Mwalimu aliuliza swali moja tu: kitambaa kimeshonwa au kimebanwa kwa pini? Tukamwambia kimeshonwa. Akasema basi, karibuni. Siku ya kwanza aliangushwa na msichana wa mtaa ambao sisi, wakati wa vita, tulikuwa tukizunguka mbali ili tusiupite. Yule msichana akamnyooshea mkono kumwinua. Sasa huja nyumbani kula pilau siku ya Idi.

Ndugu wazazi, samaki mkunje angali mbichi. Watafutieni watoto mahali ambapo nguvu hufundishwa pamoja na huruma. Na ninyi wanafunzi, mkipata mahali hapo, muwe ninyi wa kumkaribisha mgeni wa kesho anayesimama mlangoni akiona haya.

Wabillahi tawfiq.