Utapiamlo kwa watoto: vipimo, matibabu na nani anasaidia

Kama wewe ni mkimbizi unayeishi Bujumbura na una wasiwasi na uzito wa mtoto wako, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Usisubiri akonde kabisa.

Vipimo

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupimwa mkono wa juu kwa utepe wa rangi:

- Kijani (sentimita 12.5 au zaidi): hali nzuri.
- Njano (11.5 hadi chini ya 12.5): utapiamlo wa kadiri.
- Nyekundu (chini ya 11.5): utapiamlo mkali.

Bonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde 3. Shimo likibaki, huo ni utapiamlo mkali, hata kama mtoto anaonekana mnene. Mpeleke siku hiyohiyo.

Matibabu

Mwenye utapiamlo mkali lakini anakula vizuri hutibiwa nyumbani kwa pakiti za siagi ya karanga yenye maziwa na vitamini, na hurudi kupimwa. Asiyekula, anayetapika kila kitu au aliyelegea hulazwa na kupewa maziwa ya tiba.

Pakiti hizo ni dawa. Ukizigawa kwa ndugu zake, mgonjwa hatapona. Anayenyonya anyonye kwanza.

Nani anasaidia

UNICEF husaidia matibabu ya utapiamlo mkali. PAM hushughulikia ule wa kadiri, pamoja na wajawazito na wanaonyonyesha. HCR na washirika wake husaidia huduma za afya kwa wakimbizi.