Uchunguzi wa DNA wa virusi vya mihogo

Uchunguzi wa DNA wa virusi vya mihogo ni matumizi ya mbinu za bayoteknolojia kutambua virusi ndani ya muhogo, hata mmea unapoonekana mzima. Magonjwa makuu ya virusi vya zao hilo Afrika Mashariki ni batobato na michirizi ya kahawia. Yote mawili huenezwa na inzi weupe pamoja na pingili zenye virusi.

Umuhimu

Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania muhogo hukaushwa kuwa udaga na kupikwa ugali. Dalili za michirizi ya kahawia hazionekani daima kwenye majani. Mara nyingi mkulima huugundua ugonjwa anapovuna na kukuta mizizi imeoza ndani. Kwa kuwa mbegu ya muhogo ni kipande cha shina, na wakulima hugawiana, ugonjwa husafiri pamoja na mbegu. Mzigo wa pingili ukifika njia panda ya Tinde, mkoani Shinyanga, unaweza kuelekea Kahama, Nzega au Shinyanga mjini, na jicho haliwezi kutenganisha pingili safi na zenye virusi.

Hatua za uchunguzi

1. Jani husagwa na vinasaba vyake kutenganishwa na sehemu nyingine za seli.
2. Virusi vya batobato vina DNA. Vile vya michirizi ya kahawia vina RNA, ambayo hunakiliwa kwanza kuwa DNA kwa kimeng'enya maalumu.
3. Kwa mbinu ya PCR, kipande cha DNA ya virusi hunakiliwa mara nyingi. Mchanganyiko hupashwa joto la takriban sentigredi 95 ili nyuzi mbili za DNA ziachane, hupozwa ili vianzio vishike, kisha kimeng'enya hujenga nyuzi mpya. Kila mzunguko huongeza nakala maradufu; kinadharia, mizunguko 30 hutoa zaidi ya nakala bilioni 1 kutoka kipande kimoja.
4. Nakala hupitishwa kwenye jeli yenye umeme. DNA ina chaji hasi, hivyo huelekea upande chanya, na vipande vifupi hutangulia. Mstari wa urefu unaotarajiwa huonyesha kwamba virusi vimo.

Matumizi Afrika Mashariki

Watafiti, wakiwemo Joseph Ndunguru wa Tanzania na Laura Boykin, wametumia MinION, kifaa kinachoshikika mkononi cha kusoma mpangilio wa DNA, nchini Tanzania, Uganda na Kenya. Muda wa kupata majibu ulipungua kutoka miezi mingi hadi saa 48.

Uhandisi jeni

Kuchunguza DNA hakubadilishi mmea. Uhandisi jeni hubadilisha. Mwaka 2021 Kenya iliidhinisha muhogo uliobadilishwa jeni ili ukinze michirizi ya kahawia. Tanzania ilisimamisha majaribio ya mazao ya aina hiyo mwaka 2018. Kwa hiyo, kwa mkulima wa Tanzania, kupima pingili kabla ya kuzigawa kunabaki kuwa kinga muhimu.