Senti moja kwa kila mkia: stori ya gofa, watoto wa shule na bunduki ndogo

Wasee, leo ni historia, lakini si ile ya kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Kaa rada.

Juzi usiku nilikuwa napitisha vidio kwenye simu nikaangukia klipu moja ya Kanada. Mzee amelala kifudifudi shambani, bunduki ndogo mbele yake, ametulia tuli. Mbele yake kuna kanyama ka rangi ya mchanga, kamesimama wima kwa miguu ya nyuma kama soja wa geti. Pap! Kameanguka. Mzee anageuza mtutu kidogo, anangoja kengine kichomoze kichwa kwenye shimo. Klipu nzima ni hiyo tu.

Nikacheka. Nikaiposti na maneno ya kijinga juu yake kuhusu watu waliokosa kazi ya kufanya. Jamaa mmoja akanijibu: "Unacheka nini, na shosho yako analipa mtu amshikie fuko?"

Manze, hiyo ilinishika. Kwa sababu ni ukweli. Kwa shosho ni viazi na karoti, na fuko akiingia chini ya mistari anakula kutoka chini kwenda juu. Unaona majani yamesimama vizuri, ukivuta hakuna kitu. Kuna jamaa wa kijiji huja na waya wake na kijiti cha kupinda, anatega, na analipwa kwa kila fuko. Lazima amlete fuko mwenyewe ndiyo pesa itoke. Nimeona hiyo kitu tangu nikiwa mdogo na sijawahi kuiona kama ajabu.

Basi nikaanza kuchimba, sawa na huyo fuko.

Gofa ni nani?

Huyo mnyama wa kwenye klipu, wakulima wa magharibi ya Kanada humuita gofa. Kwa kweli ni kindi wa ardhini. Jina lake la kitaalamu limetokana na John Richardson, daktari wa Uskoti aliyesafiri kaskazini ya Kanada miaka ya 1820 pamoja na John Franklin, akiandika kila mnyama na mmea aliouona. Gofa wenyewe hasa ni mnyama mwingine kabisa, ambaye haonekani sana juu ya ardhi. Lakini jina likishashika mtaani, nani atalibandua?

Ana urefu wa kama sentimita 30 ukihesabu mkia. Sehemu kubwa ya mwaka amelala chini ya ardhi, usingizi mzito wa kukwepa baridi. Madume huamka mwisho wa baridi, theluji ikiwa bado ipo. Majike hufuata, wanazaa mara moja kwa mwaka, na kwa kawaida watoto ni 6 hadi 8 kwa mama mmoja. Kufikia Mei na Juni shamba limejaa vichwa vidogo vinavyochungulia.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mkulima. Ngano yako imechipua, bado laini, na gofa wanaikata kama saladi. Mashimo yao yanaweza kumvunja farasi mguu. Vilima vya udongo vinaharibu visu vya mashine ya kukata nyasi. Hasara ni ya kweli, na mkulima hana nguvu za kucheka na klipu yangu.

Kabla ya gofa kuwa adui

Hapa ndipo stori inabadilika. Nyanda hizo za nyasi, zinazoitwa Prairie, zilikuwa na wenyewe: Wacree, Wablackfoot, Waassiniboine na wengine. Maisha yao yalisimama juu ya mnyama mmoja mkubwa, bison, yule nyati mwenye manyoya mengi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1880, bison alikuwa karibu amekwisha kwa kuwindwa kupita kiasi. Njaa ikaingia. Watu waliokuwa wakila nyama ya bison wakajikuta wanakula mbwa wao, farasi wao, na ndiyo, gofa. Yaani kabla gofa hajaitwa mharibifu, kuna watu aliwavusha usiku mmoja wa njaa.

Wakati huohuo serikali ya Kanada ilikuwa inagawa ardhi. Sheria ya mwaka 1872 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa ada ya dola 10, mradi aishi hapo na alime. Reli ya kuvuka nchi ikakamilika 1885. Mwaka 1905 Saskatchewan na Alberta zikawa mikoa kamili. Watu wakamiminika kutoka Ulaya na Marekani, na jembe la kukokotwa likapasua nyasi ambazo hazijawahi kulimwa.

Kama umesoma historia ya hapa kwetu, hiyo ladha unaijua. Sheria ya ardhi ya kikoloni ya 1915 iliruhusu walowezi wa nyanda za juu za Kenya kupewa ardhi kwa miaka 999. Ni dola ileile ya Uingereza, ramani tofauti.

Na gofa? Gofa alifurahi. Huyu mnyama hupenda nyasi fupi kwa sababu anataka kuona adui akija kutoka mbali. Malisho yaliyoliwa na ng'ombe mpaka chini, kwake ni mtaa wa kifahari. Kando yake umempandia ngano. Halafu wanaomla, kama koyote na mbweha, walipigwa vita kwa mitego na sumu. Ukijumlisha hizo tatu, utaona kwamba sehemu ya hili janga ilipandwa shambani pamoja na mbegu.

Siku watoto walipotumwa vitani

Njia ya kwanza kubwa ya kupambana ilikuwa zawadi kwa mkia. Unaua gofa, unakata mkia, unapeleka ofisini, unapewa senti. Bei iliyokumbukwa zaidi ni senti moja kwa mkia. Na nani ana muda wa kukimbizana na gofa mchana kutwa kwa senti moja? Watoto.

Walimwaga maji shimoni mpaka gofa atoke. Walitega kitanzi cha uzi mdomoni mwa shimo, wakalala chini, wakangoja. Wengine walitumia mitego ya chuma.

Tarehe 1 Mei 1917, Saskatchewan ilitangaza Siku ya Gofa. Shule 980 zilishiriki. Watoto wakaua zaidi ya nusu milioni. Soma tena hapo. Nusu milioni, na walioua ni watoto wa shule.

Mwaka huo si wa kawaida. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaendelea na Uingereza ilihitaji ngano. Kila suke lililoliwa na gofa lilihesabiwa kama chakula kilichoibwa mezani. Na huku kwetu, mwaka huohuo wa 1917, wanaume walikuwa wanakusanywa kwa nguvu vijijini kwenda kubebea jeshi la Waingereza mizigo kwenye kampeni dhidi ya Wajerumani. Maelfu kwa maelfu hawakurudi. Ukipita Kariokor, Nairobi, jina hilo limetokana na kikosi cha hao wabebaji. Vita vimoja: mtoto wa Saskatchewan anakata mikia, babu ya mtu hapa anabeba sanduku la risasi kichwani.

Miaka ya 1930 ukame na mdororo wa uchumi ukapiga Prairie. Vumbi lilifunika mashamba, bei ya ngano ikaanguka. Safari hii hata familia za walowezi, zile zilizobanwa kabisa, zilipika gofa. Senti za mikia zikawa pesa ya maana nyumbani. Gurudumu lilizunguka mpaka likarudi palepale.

Bunduki ya kijana wa shamba

Bunduki yenyewe ni .22. Risasi inayotumika zaidi, ile ya .22 ndefu, ilitengenezwa na kampuni ya Stevens ya Marekani mwaka 1887. Ni ndogo, kipande cha risasi chenyewe kina uzito wa kama gramu 2 na nusu. Haina kishindo kikubwa, haipigi bega, na bei yake ni rahisi. Kanada ilikuwa na kampuni yake, Cooey, iliyojulikana kwa kiwanda chake cha Cobourg, Ontario. Cooey ilitengeneza .22 za bei nafuu, nyingi za kupiga risasi moja kisha unajaza tena. Bunduki hizo zilisambaa mashambani, baba akamwachia mtoto, mtoto akamwachia mwanawe.

Kwa kijana wa shamba, .22 ilikuwa kama panga kwa kijana wa hapa: kifaa cha kazi. Unajifunza kutulia, kupumua, kuhesabu risasi. Unajifunza pia kuogopa, kwa sababu hiyo risasi ndogo inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikigonga jiwe inaruka pembeni. Ndiyo maana wanafundishwa kupiga kuelekea chini, udongo ukiwa nyuma ya shabaha. Leo sheria ya Kanada inataka leseni, na kuna ya watoto wa miaka 12 hadi 17. Mwaka 2002 ikaja risasi mpya ya .17, nyembamba zaidi na ya kasi zaidi, na wapiga gofa wakaipenda fasta.

Mwaka huohuo wa 2002, gofa wakiwa wamezidi kwa sababu ya ukame, Saskatchewan ilikuwa na mashindano ya kuua gofa, ushindi kwa hesabu ya mikia. Watetezi wa wanyama wakapiga kelele, wakulima wakawajibu waje walime wao.

Sumu, na bundi asiyehusika

Kabla hujachagua upande, elewa kwamba bunduki haikuwa silaha kali kuliko zote. Striknini ndiyo ilikuwa. Hii ni sumu ya kuchanganywa na nafaka na kuwekwa shimoni. Gofa anakula, anakufa kwa mishtuko ya misuli. Kisha mwewe au mbweha anamla gofa, naye anakula sumu. Kuna mbweha mdogo wa Prairie aliyetoweka kabisa Kanada miaka ya 1930, na sumu zilizowekewa wanyama wengine ni kati ya sababu. Ilibidi aanze kurudishwa mwaka 1983.

Halafu kuna bundi wa mashimo. Huyu ni bundi mdogo, miguu mirefu, ambaye haishi mtini. Anaishi kwenye mashimo yaliyochimbwa na wengine, gofa wakiwemo. Kanada imemweka kwenye orodha ya walio hatarini. Ukimaliza gofa, umemvunjia bundi nyumba, na hakukukosea kitu.

Mwaka 2020 Kanada iliamua kuondoa striknini kwa ajili ya gofa, na mwisho wa kuitumia ukawekwa Machi 2023. Wakulima wengi walikasirika. Wengine wakasema: basi tunarudi kwa bunduki. Na kusema kweli, bunduki ina hoja. Risasi inachagua mnyama mmoja. Sumu haichagui. Shida ni kwamba risasi nyingi ni za madini ya risasi, vipande vinabaki kwenye mzoga, na mwewe akija kula anakula na hiyo pia.

Kichekesho na maoni yangu

Watu haohao wanampenda gofa. Timu ya soka la Kanada, Saskatchewan Roughriders, mascoti yake ni gofa anayeitwa Gainer. Katika kijiji cha Torrington, Alberta, kuna jumba la makumbusho lililofunguliwa 1996, lenye gofa waliokaushwa na kuvalishwa nguo: kinyozi, polisi, mhubiri. Adui wa shambani, shujaa wa uwanjani.

Mimi naona hivi. Mkulima anayelinda chakula chake simcheki tena. Klipu nimeifuta. Lakini kulinda shamba ni kitu kimoja, na kushindana nani ana mikia mingi ni kitu kingine. Ukilipia mikia, utaletewa mikia. Huko Prairie wanasimulia kwamba watoto wajanja walikata mkia wakamwachia gofa aende zake, akazae wengine wa kesho. Iwe ilitokea mara moja au mara elfu, mantiki yake imenyooka.

Zaidi ya miaka 100 ya mikia, mitego, sumu na risasi, na gofa bado yupo. Wanaojua malisho wanasema acha nyasi zirefuke, usiwajaze ng'ombe kupita kiasi, waachie mwewe na wenzake wafanye kazi. Haileti vidio tamu. Hakuna anayeposti nyasi zikirefuka.

Wikendi nilimpigia shosho nikamwuliza: "Shosho, huyo mtu wa fuko umemlipa miaka mingapi?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Tangu mama yako asome shule ya msingi."

"Na fuko hawaishi?"

"Mjukuu wangu, wakiisha yeye atakula nini? Na mimi nikiacha kumlipa, tutakula nini?"

Sina jibu lake mpaka saa hii.

Kama kwenu kuna fuko, niambie huko chini mnamshika vipi na mnalipa ngapi. Na kama shosho yako ana njia isiyohitaji kulipa mtu kila mwezi, tafadhali, shosho wangu anaisubiri.