Gunia Lisilouzwa: Marekani ya Reagan Ilivyofika Ukambani

Kalamba na mlima Nzaui ni majirani wa karibu, kiasi kwamba leo wamo katika wadi moja ya Makueni. Hapo Nzaui ndipo Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Glasgow aliyehamia Philadelphia na wazazi wake, alipofungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission mwishoni mwa mwaka 1895. Hakudumu. Alifariki Desemba 1896, na miaka michache baadaye makao ya misheni yakahamia Kijabe. Lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Ronald Reagan alipoapishwa mjini Washington Januari 1981, Wakamba wa upande huu walikuwa wamewajua watu wa Marekani kwa miaka 85, kama wahubiri, walimu na waganga. Kwa hiyo anayetaka kuiandika Marekani ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kama ilivyoonekana kutoka Kalamba, Wote au Kitui hana haja ya kuuliza ilifika lini. Aulize ni Marekani ipi iliyofika, na ilipitia mlango gani.

Swali hili lina uzito kwa sababu Marekani ya miaka ile ilijieleza yenyewe kwa sauti kubwa. Reagan aliingia madarakani akiwaambia watu wake kwamba serikali ndiyo chanzo cha matatizo yao: kodi ipunguzwe, matumizi ya umma yakatwe, soko liachwe lifanye kazi yake. Filamu na muziki wa wakati huo vilimtukuza mtu anayepanda juu kwa nguvu zake mwenyewe. Wanahistoria wengi wameichukua picha hiyo kama ilivyo, hata wale wanaoilaumu. Hoja yangu ni kwamba ushahidi wa Ukambani unaikanusha. Marekani iliyohubiri soko ilifika hapa ikiwa imebebwa na serikali karibu kila hatua, serikali yake na yetu. Ilifika kwa mkataba wa kijeshi, kwa ufadhili wa vyuo vikuu vya umma, na zaidi ya yote kwa gunia la mahindi ya manjano.

Mkataba ulitangulia hata Reagan mwenyewe. Shah wa Iran alikuwa ameanguka mwaka 1979, na Desemba ya mwaka huo jeshi la Kisovieti likaingia Afghanistan. Jimmy Carter akaanza kutafuta bandari na viwanja vya ndege kandokando ya Bahari ya Hindi. Rais Moi alimzuru Washington Februari 1980, na Juni mwaka huo Kenya ikakubali majeshi ya Marekani yatumie Mombasa na viwanja vya Embakasi na Nanyuki. Reagan aliurithi uhusiano huo akauendeleza. Alimpokea Moi Septemba 1981, na makamu wake, George Bush, akafika Nairobi Novemba 1982, miezi mitatu tu baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1. Misaada ya Marekani kwa Kenya, ya kiuchumi na ya kijeshi, iliongezeka. Mkulima wa Kalamba hakuulizwa lolote kuhusu Nanyuki. Lakini ukame ulipokuja, nafasi ya Kenya kwenye foleni ya Washington ilikuwa imekwisha kupangwa kwenye karatasi zile, na nafasi hiyo haikuwa ya nyuma.

Bei ya urafiki huo ilianza kulipwa na wanariadha. Februari 1980 Carter alimtuma Muhammad Ali kuzunguka Afrika kuomba nchi zisusie Olimpiki ya Moscow. Mjini Dar es Salaam Nyerere alikataa kumwona, na waandishi wa habari wakamuuliza Marekani ilikuwa wapi Afrika iliposusia Montreal mwaka 1976 kwa ajili ya wanyonge wa Afrika Kusini. Nairobi ilimpokea vizuri zaidi, maana Moi alikuwa upande wa Carter. Tazama matokeo yake katika timu moja ya chuo, ile ya Texas mjini El Paso, walikokimbia pamoja Suleiman Nyambui wa Tanzania na Mkamba Michael Musyoki. Nyambui alikwenda Moscow akarudi na medali ya fedha ya mita 5,000. Musyoki hakwenda. Vijana wawili waliovaa jezi moja walitenganishwa na uamuzi wa marais wao, na hapo soko halikuwa na kauli. Tena chuo chenyewe kilikuwa cha jimbo, mali ya umma, sawa na kile cha Wyoming alikosoma Mkamba mwingine, Joseph Nzau. Nzau ndiye aliyeshinda mbio ndefu za Chicago mwaka 1983 kwa tofauti ya nusu sekunde. Fedha za mbio za barabarani zilitoka kwa wafanyabiashara, ni kweli, lakini njia ya kuzifikia ilijengwa na walipa kodi wa Texas na Wyoming.

Tuje sasa kwenye mahindi, maana hapa ndipo hoja inaposimama au kuanguka. Ukambani hutegemea mvua za vuli kuliko masika. Vuli ya mwaka 1983 ilikuwa hafifu na masika ya 1984 yakakosekana kabisa, si huku tu bali sehemu kubwa ya Kenya, hata nyanda za juu zinazolisha nchi. Serikali ilifanya jambo ambalo halijasifiwa vya kutosha: iliona mapema, ikatoa fedha zake za kigeni ikaagiza nafaka, kisha ikaomba msaada juu yake. Meli zikaleta mahindi ya manjano Mombasa, treni na malori yakayapandisha bara, na machifu wakayagawa. Mahindi yale hayakupendwa. Nchini kwao Iowa na Illinois hulishwa mifugo zaidi kuliko watu, na habari hiyo ilijulikana. Mtu aliyezoea isyo na muthokoi wa mahindi meupe aliona amepewa chakula cha ng'ombe. Inafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba mahindi meupe tuliyoyahesabu kuwa yetu ni wajukuu wa mbegu ya Kimarekani, Hickory King, iliyoletwa enzi za walowezi, na kwamba weupe ulithaminiwa kwa sababu soko la London liliulipia zaidi. Mdomo pia una historia.

Mahindi ya manjano yalitoka wapi hasa? Si kwa mkulima aliyeachwa peke yake na soko. Tangu miaka ya 1930 serikali ya Marekani ilikuwa ikishikilia bei za mazao kwa kununua na kuhifadhi ziada, na sheria ya mwaka 1954 ikaruhusu ziada hiyo ipelekwe nje kama msaada au kwa mkopo wa bei nafuu. Carter alipozuia nafaka zisiuzwe kwa Wasovieti Januari 1980, maghala yalizidi kujaa. Reagan aliondoa kizuizi hicho Aprili 1981, lakini ziada ikabaki kubwa kiasi kwamba mwaka 1983 serikali yake iliwalipa wakulima kwa nafaka kutoka maghala ya umma ili wasilime. Rais yuleyule Desemba 1981 aliidhinisha ratili milioni 30 za jibini ya serikali zigawiwe maskini wa miji na vijiji vya Marekani, katika mdororo ambao mwishoni mwa 1982 ulifikisha ukosefu wa ajira asilimia 10.8. Naliona jambo hili kuwa la maana sana. Mama wa Chicago aliyepanga foleni ya jibini na mama wa Kitui aliyepanga foleni ya mwolyo, yaani chakula cha msaada, walikuwa wakila kutoka ghala la aina moja, ghala ambalo hotuba za wakati huo zilisema halipaswi kuwapo. Na gunia la msaada lilibeba ushahidi wake mwenyewe: mikono miwili iliyoshikana, jina la watu wa Marekani, na onyo kwamba kilichomo si cha kuuzwa wala kubadilishwa.

Pingamizi kubwa linatoka kwa Wakamba wenyewe, na liko katika jina. Njaa za Ukambani hupewa majina, na majina hayo ndiyo kumbukumbu yetu iliyo makini kuliko zote. Ile ya mwisho wa karne ya 19 ni Ngomanisye, iliyoenea kila mahali. Ya 1961 ni Ndeke, kwa ndege zilizodondosha chakula wakati mafuriko yalipokata barabara. Njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 huitwa Nikw'a Ngwete, yaani nakufa huku nimeshika fedha mkononi. Mtetezi wa soko anaweza kulichukua jina hili kama ushindi wake. Fedha zilikuwapo, chakula hakikununulika, na sababu mojawapo ni kwamba sheria ilikataza kusafirisha zaidi ya magunia machache kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali cha bodi ya nafaka ya serikali. Je, si hayo hasa aliyoyasema mchumi Elliot Berg katika ripoti yake ya 1981 kwa Benki ya Dunia, kwamba bodi za serikali Afrika ndizo zinazombana mkulima na mlaji?

Nakubali nusu ya pingamizi hili bila kusita. Vibali viliumiza, na vilitajirisha watu waliokuwa karibu na wenye mihuri. Lakini nusu ya pili haisimami. Mwaka 1984 hakukuwa na ziada upande wa pili wa mpaka wa wilaya iliyosubiri tu lori liruhusiwe kupita, kwa kuwa masika yalikuwa yamekosekana hata Bonde la Ufa na Mkoa wa Kati. Mfanyabiashara aliye huru asingeleta Machakos mahindi ambayo hayakuota Nakuru. Aliyeweza kuyaleta alikuwa yule mwenye fedha za kigeni na mkataba na Washington, na huyo alikuwa serikali. Jina lile lina akili nyingi kuliko wanaolitumia kwa upande mmoja. Mwaka uleule wa ripoti ya Berg, 1981, mchumi Amartya Sen alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba watu wengi hufa njaa chakula kikiwapo, kwa kukosa uwezo wa kukipata. Wakamba walitaja hali iliyo kinyume, ya uwezo kuwapo na chakula kukosekana, na kwa kufanya hivyo walisema kwamba fedha ni ahadi ambayo lazima mtu fulani aitimize. Soko halikuitimiza, na bodi ilikuwa imechelewesha. Gunia lisilouzwa likaja kuziba pengo kati yao.

Pingamizi la pili ni la utamaduni: kwamba muziki na filamu ziliingia bila kumwomba waziri yeyote. Hili lina ukweli wake. Nyimbo za Jim Reeves, aliyekufa 1964, na za Kenny Rogers ziliimbwa vijijini na watu wasiojua Texas iko upande gani, na hakuna mkataba uliozileta. Hata hivyo, kijiji kisicho na umeme kilisikiliza redio ya betri, na redio ya nchi ilikuwa moja, Sauti ya Kenya. Machi 1980 wakuu wake waliamuru asilimia 75 ya muziki uwe wa Kenya. Amri hiyo haikudumu, lakini ilionyesha mfereji uko mikononi mwa nani, jambo walilolielewa pia wanajeshi wa anga waliokimbilia studio zake alfajiri ya Agosti 1, 1982. Na Wakamba hawakukaa wakisubiri. Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo walikuwa wakiimba benga kwa Kikamba na Kiswahili, na Kalambya Sisters wakapata umaarufu kwa Katelina, miaka ileile ambayo dunia ilinunua Thriller ya Michael Jackson. Kama kuna sehemu ambapo soko lilifanya kazi yake vizuri, ni katika maduka ya santuri ya River Road, na bidhaa iliyouzwa huko haikutoka Marekani.

Wimbo mmoja wa Kimarekani uligusa njaa yetu kwa kutoitaja. Januari 1985 wanamuziki wakubwa walikusanyika Los Angeles kurekodi We Are the World kwa ajili ya Ethiopia, ambako vita na ukaidi wa watawala viliigeuza njaa kuwa maangamizi. Ukambani haukupata wimbo kwa sababu watu wake hawakufa kwa wingi ule. Vuli ya mwisho wa 1984 ilinyesha, mahindi ya Katumani, yanayokomaa haraka, yakavunwa, na makundi ya mwethya, ya kazi za pamoja, yakarudi kwenye matuta yao.

Miezi michache kabla ya mvua hizo, Agosti 6, 1984, Musyoki alisimama kwenye mstari wa mita 10,000 ndani ya uwanja wa Coliseum, Los Angeles. Michezo ile iliendeshwa kwa fedha za makampuni, ikatoa faida ya zaidi ya dola milioni 200, na imesifiwa tangu hapo kuwa hoja kuu ya soko huru. Mwanariadha mwenyewe alikuwa amezuiwa na serikali moja miaka minne kabla na kusomeshwa na chuo cha serikali nyingine. Alimaliza wa nne. Medali ya shaba ilimfikia baada ya Martti Vainio wa Finland, aliyemaliza wa pili, kugunduliwa kuwa ametumia dawa. Nyumbani Ukambani siku hiyo mashamba yalikuwa yamekauka, na Nairobi ilikuwa ikiagiza mahindi.